Wadudu Walao Vidukari: Namna ya Kuwatumia Kabla ya Kufikiria Kununua Sumu

Vidukari, ambao watu wengi huwaita wadudu mafuta, ni miongoni mwa wasumbufu wa kwanza kumfikia mtu anayelima mboga nyumbani. Huonekana kwenye ncha changa za kunde, chini ya majani ya sukuma wiki na kabichi, juu ya maua ya bamia, na hata kwenye machipukizi ya waridi lililopandwa mbele ya nyumba. Mwenye bustani aghalabu hukimbilia duka la pembejeo, au hununua sumu iliyopimwa katika chupa ya soda, akanyunyiza mara moja na kuona nafuu kwa siku chache. Baada ya wiki mbili au tatu vidukari hurudi, pengine wakiwa wengi kuliko mwanzo, naye hunyunyiza tena. Mboga hiyo inayonyunyizwa kila mara ndiyo inayochumwa jioni na kupelekwa jikoni.

Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, nayo ni kuwatumia wadudu ambao chakula chao ni vidukari. Jambo kuu la kushika ni hili: wadudu hao kwa kawaida wamekwisha kuwapo bustanini mwako, na hatua ya kwanza ya kuwatumia ni kuacha kuwaua. Kuwanunua ni jambo la mwisho, na kwa bustani nyingi za nyumbani halihitajiki kabisa.

Kidukari na kasi yake ya kuzaana

Kidukari ni mdudu mwenye mwili laini, mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3 hivi. Wapo weusi wanaong'aa, ambao hupenda kunde na karanga. Wapo wa kijivu waliofunikwa kwa unga kama nta, ambao hukaa kwenye kabichi na sukuma wiki. Na wapo wa kijani au wa manjano, ambao hushambulia bamia, pilipili, tikiti na mimea mingine mingi. Wote hula kwa namna moja: huchoma mmea kwa mdomo ulio mfano wa sindano na kufyonza utomvu wake. Majani hujikunja, machipukizi hudumaa, na umajimaji mtamu unaotoka kwa vidukari hudondokea majani ya chini, ambako huota ukungu mweusi kama masizi.

Katika nchi za joto, vidukari wengi ni majike wasiohitaji dume ili kuzaa. Kila jike huzaa watoto hai, si mayai, na mtoto aliyezaliwa huweza kuwa mzazi baada ya muda wa takriban wiki moja. Ndiyo sababu tawi lililoonekana safi Jumatatu huweza kuwa limejaa Jumatatu inayofuata. Wanapobanana, baadhi yao huota mabawa na kuhamia mimea mingine.

Wadudu walao vidukari huzaana taratibu kuliko hivyo. Mbawakawa mwenye madoa, kwa mfano, huchukua takriban wiki tatu hadi nne tangu yai hadi kuwa mdudu kamili. Kwa hiyo vidukari hutangulia kuongezeka, na maadui wao hufuata nyuma. Pengo hilo la siku chache ndilo linalowakosesha watu subira. Anayenyunyiza sumu katika siku hizo huwaua askari wakati ndio kwanza wamewasili.

Wajue wadudu rafiki usije ukawaua

Watu wengi humtambua mdudu rafiki akiwa mkubwa tu. Watoto wake, ambao aghalabu ndio walaji hodari zaidi, hudhaniwa kuwa viwavi waharibifu na kupondwa. Kabla ya kufanya lolote, geuza majani na uwatafute wafuatao.

Mbawakawa wenye madoa. Hawa ni wadudu wadogo wa mviringo, wenye mgongo uliobinuka kama nusu ya punje ya njegere, wenye rangi nyekundu, ya machungwa au ya manjano pamoja na mabaka meusi. Mayai yao ni ya manjano, yamesimama wima katika kikundi, mara nyingi chini ya jani lililo karibu na vidukari. Mtoto wake, yaani lava, hafanani naye hata kidogo: ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana miguu sita na mabaka ya rangi ya machungwa, na umbo lake ni kama la mamba mdogo sana. Lava mmoja hula mamia ya vidukari kabla ya kukomaa, na mdudu mzima huweza kula makumi kwa siku moja.

Nzi wa maua. Nzi huyu ana mistari ya manjano na nyeusi, hata wengine humwogopa wakidhani ni nyuki au nyigu. Lakini hana mwiba. Utamtambua kwa namna anavyoelea hewani mahali pamoja, kisha akachomoka ghafla. Yeye mwenyewe hunywa nekta na kula chavua. Buu lake halina miguu wala kichwa kinachoonekana wazi. Ni la kijani au kahawia, hujikokota kama konokono asiye na gamba, na hufyonza vidukari mmoja baada ya mwingine hadi wabaki magamba matupu.

Mdudu mwenye mabawa ya wavu. Mdudu huyu ni wa kijani laini, ana mabawa marefu angavu yenye mishipa kama wavu mwembamba, na huvutwa na taa usiku. Mayai yake ni rahisi kuyatambua, kwani kila moja hushikiliwa juu ya uzi mwembamba kama unywele. Lava wake ana taya mbili zilizopinda kama mundu, ambazo humkamata kidukari na kumfyonza.

Nyigu wadogo sana. Hawa ni wadogo kiasi kwamba huenda usiwaone kabisa, nao hawaumi watu. Jike hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari; mtoto hukua humo, na kidukari hufa akiwa amevimba, amekauka na kuwa na rangi ya dhahabu au kahawia. Ukiona vidukari wa namna hiyo wameganda juu ya jani, wengine wakiwa na tundu la duara mgongoni, usiling'oe jani hilo wala kulichoma moto. Ndani ya vidukari wasiotobolewa bado kuna nyigu wanaosubiri kutoka.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Si kila mbawakawa mwenye madoa ni rafiki. Wapo jamaa zake wanaokula majani, hasa ya maboga, matango, biringanya na viazi. Hawa hawang'ai, mgongo wao umefifia kwa vinyweleo vifupi, na watoto wao ni wa manjano wenye miiba. Dalili iliyo wazi zaidi ni jani lenyewe: likiwa limekwanguliwa hadi kubaki mishipa kama wavu, aliyepo ni mharibifu. Jani likiwa zima na lina vidukari, mbawakawa uliyemkuta juu yake huenda yuko kazini.

Kwa nini sumu huweza kuongeza vidukari

Viuatilifu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya mboga huua wadudu wa aina nyingi bila kuchagua. Vinapopulizwa, vidukari wengi hufa, na pamoja nao hufa mbawakawa, mabuu ya nzi wa maua na nyigu. Lakini haitokei kila kidukari akafa. Waliojificha ndani ya majani yaliyojikunja husalia, na wenye mabawa huja kutoka bustani za jirani. Wote hukuta mahali pasipo na adui. Kidukari anayezaa baada ya wiki moja hurudisha ukoo wake haraka; mbawakawa anayehitaji mwezi mmoja hawezi. Hivyo mnyunyizo mmoja huandaa mwingine, na gharama huongezeka kila mara.

Zaidi ya hayo, baadhi ya vidukari wamejenga usugu dhidi ya aina kadhaa za sumu. Kidukari wa kijani ajulikanaye kwa jina la kitaalamu Myzus persicae ni mfano maarufu duniani. Mtumiaji anayeona sumu haifanyi kazi hushawishika kuongeza kipimo. Kufanya hivyo hakumwondoi kidukari sugu. Kunachoongezeka ni mabaki ya sumu juu ya mboga, pamoja na hatari kwa anayenyunyiza na kwa watoto wanaocheza karibu.

Hatua za kufuata bustanini

Kwanza, hesabu kabla ya kutenda. Chagua machipukizi kumi, uyatie alama kwa uzi, na utazame vidukari na wadudu rafiki walio juu yake. Rudia baada ya siku nne au tano. Ikiwa vidukari wamepungua au wamebaki vilevile, na wadudu rafiki, mayai yao au vidukari waliovimba wameongezeka, usifanye lolote, kazi inaendelea. Ikiwa vidukari wameongezeka sana na hakuna adui yeyote anayeonekana, nenda hatua ya pili.

Pili, punguza vidukari kwa mkono na maji. Kata ncha zilizojaa kupita kiasi, ukihakikisha kwanza kwamba hazina lava wala mayai ya wadudu rafiki. Waangushe waliobaki kwa maji yenye nguvu kiasi, ukielekeza chini ya majani. Kidukari aliyeanguka mara nyingi hashindi safari ya kurudi juu. Fanya hivyo asubuhi, ili majani yapate kukauka mapema.

Tatu, ikilazimu, tumia maji ya sabuni. Kuna sabuni ya mche. Ikune, yeyusha vijiko viwili vya chai katika lita moja ya maji, kisha nyunyiza pale tu penye vidukari. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, kwani huweza kuunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku moja. Wala usinyunyize wakati wa jua kali. Sabuni humwua mdudu inayomgusa ikiwa bado mbichi, akiwemo mdudu rafiki. Faida yake ni kwamba ikishakauka haiachi sumu ya kuwaua wadudu rafiki watakaokuja kesho.

Nne, wazuie sisimizi. Sisimizi hupenda umajimaji mtamu wa vidukari, na kwa ajili hiyo huwalinda kama mfugaji alindavyo mifugo yake, wakiwafukuza mbawakawa na lava. Ukiona msafara wa sisimizi ukipanda shina la mchungwa au waridi, kazi ya wadudu rafiki itakuwa ngumu. Kata matawi yanayogusa ukuta au ardhi, kisha funga kitambaa au karatasi ngumu kuzunguka shina na uipake grisi juu yake. Usiipake grisi moja kwa moja kwenye gome. Mimea iliyo kwenye ndoo au makopo huweza kusimamishwa juu ya visahani vyenye maji. Badilisha maji hayo mara kwa mara ili mbu wasizaliane humo.

Tano, acha maua. Nzi wa maua na nyigu wadogo wanapokuwa wakubwa huhitaji nekta na chavua. Bustani iliyofyekwa ikabaki mboga tupu haiwapi chakula. Acha mashina machache ya giligilani, shamari au bizari yachanue pembezoni mwa tuta. Hata katika bustani ya viroba au ya barazani, chungu kimoja cha giligilani iliyochanua kinatosha kuwavutia.

Sita, usizidishe mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, kama vile urea. Mmea uliolishwa kupita kiasi hutoa machipukizi mengi laini, na hayo ndiyo vidukari wanayoyapenda.

Je, inafaa kununua wadudu rafiki?

Katika nchi nyingine wadudu hawa huuzwa madukani. Nchini Marekani, mbawakawa wenye madoa hukusanywa kwa wingi kutoka milima ya California, ambako hulundikana pamoja wakati wa baridi, kisha huuzwa kwa wenye bustani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walipochunguza jambo hilo walikuta kwamba kichaka kimoja kikubwa cha waridi kilichoshambuliwa sana kilihitaji mbawakawa wapatao 1,500, kisha wengine 1,500 baada ya wiki moja. Hata hivyo, wengi wa mbawakawa hao huruka na kuondoka katika siku chache za mwanzo. Mnunuzi hulipa, na wadudu wake huenda bustani ya jirani.

Ununuzi huleta tija zaidi mahali palipofungwa, kama vile ndani ya banda la plastiki, maarufu kama griinihausi. Humo nyigu wadogo kama Aphidius colemani huachiliwa mapema, vidukari wakiwa bado wachache. Mashamba makubwa ya maua huko Naivasha, Kenya, yana uzoefu wa miaka mingi wa kuwatumia viumbe wa namna hii. Lakini sehemu kubwa ya viumbe hao ni utitiri unaokula utitiri mwekundu, na hauna msaada dhidi ya vidukari. Kwa hiyo anayeuziwa kichupa chenye “wadudu rafiki” aulize maswali haya kabla ya kutoa fedha: Ni kiumbe gani hasa, na anakula mdudu gani? Amezalishwa wapi, na lini? Anaachiliwa akiwa yai, lava au mdudu kamili? Amehifadhiwa katika ubaridi kiasi gani, na anatakiwa kutumika ndani ya siku ngapi? Je, amesajiliwa? Muuzaji asiyeweza kujibu asiuziwe imani yako.

Swali la usajili si la kupuuzwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mtu binafsi hapaswi kuingiza nchini wadudu hai bila kibali. Nchini Kenya kazi hiyo husimamiwa na KEPHIS pamoja na PCPB. Sababu yake ni nzito. Mbawakawa wa Asia, Harmonia axyridis, alipelekwa Ulaya na Marekani ili ale vidukari. Alivila kweli vidukari, lakini aliwala pia mbawakawa wa kienyeji, akasambaa kuliko ilivyotarajiwa, na siku hizi huonekana pia nchini Kenya.

Kwa upande mwingine, kazi ikifanywa na wataalamu kwa utafiti, matunda yake huwa makubwa. Kidukari wa misaiprasi alipoingia Malawi mwaka 1986, kisha akaenea hadi Tanzania na Kenya, maelfu ya miti ilikauka. Katika miaka ya 1990 nyigu mdogo aitwaye Pauesia juniperorum aliletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa ili kumdhibiti. Kazi ya namna hiyo hutanguliwa na uchunguzi wa kuhakikisha kwamba mgeni hataleta madhara mapya. Si kazi ya mtu mmoja mwenye kichupa.

Pale ambapo wadudu rafiki hawatoshi

Ni haki ya mtumiaji kuelezwa pia mipaka ya njia hii. Wadudu rafiki hupunguza vidukari; hawawamalizi. Lazima wabaki wachache, kwani vidukari wakiisha kabisa walaji wao huhama au hufa njaa. Vidukari wachache waliosalia kwenye mboga hawana madhara kwa mlaji. Suuza majani katika maji yenye chumvi kidogo, kisha katika maji safi, nao wataondoka.

Tatizo kubwa zaidi ni magonjwa ya virusi. Kidukari mweusi wa kunde ndiye aenezaye ugonjwa wa ukoka wa karanga, na vidukari wengine hueneza virusi vya batobato katika maharage. Kidukari mmoja mwenye mabawa huweza kuambukiza mmea kabla mbawakawa hajamfikia. Katika hali hiyo kinga huanza wakati wa kupanda: tumia mbegu safi, panda mapema mvua zinapoanza, na ng'oa mimea yenye dalili za ugonjwa ikiwa bado michache.

Ikiwa baada ya yote hayo unalazimika kutumia kiuatilifu, nunua kilicho katika chombo chake halisi, kilichofungwa na chenye lebo unayoweza kuisoma. Usinunue kamwe kilichomiminwa katika chupa ya soda au ya maji: hujui ni nini, hujui kipimo chake, na mtoto mwenye kiu hajui kwamba si kinywaji. Omba bidhaa inayolenga vidukari bila kuua wadudu wengi, nyunyiza mimea iliyoathirika tu, epuka saa ambazo nyuki wako kwenye maua, na uzingatie idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Ukiwa na shaka, mpelekee afisa ugani wa kata yako jani lenye wadudu hao, badala ya kumweleza kwa maneno tu.

Kwa ufupi

Geuza jani kabla ya kufungua pochi. Ukikuta mayai ya manjano, lava mfano wa mamba mdogo, buu linalojikokota au vidukari waliovimba na kukauka, wape wadudu hao wiki moja na uhesabu tena. Saidia kwa maji, kwa kuzuia sisimizi na kwa kuacha maua. Fedha ambayo ingenunua sumu itabaki mfukoni, na mboga utakayochuma jioni hutakuwa na sababu ya kuitilia shaka.